Siku Kumi za Mjerumani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nasema hivyo bila kujivuna, na wapo watakaosema najivuna, waseme. Nilianza na baiskeli moja ya kubebea maharage kutoka Mwazye, leo nina malori matatu na duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo, na elimu yangu ni darasa la nne, tena hilo la nne lenyewe tuliachana vibaya. Nimewahi kusimama kando ya barabara nikaangalia lori langu linateketea na bidhaa za wateja ndani yake, huku natafuna muhindi wa kuchoma, nafikiria kesho nitaanzia wapi. Wenye digrii wanakuja kwangu kuomba niwawekee dhamana. Nimetapeliwa, nikatapeliwa tena, ya tatu nikamtapeli aliyenitapeli. Kwa hiyo mtu akiingia dukani macho yamemtoka, anasema, "Mzee, hujasikia?", mimi namjibu, "Nilishasikia, nunua misumari uende."

Basi juzijuzi asubuhi nilikuwa uani nakunywa chai. Mbwa wangu akatoka bandani kunisalimia, kama kawaida yake. Ni mkubwa, wa jamii ile ya mbwa wa polisi, masikio yamesimama, mgongo mweusi. Nilimnunua Mbeya akiwa anaenea kwenye kofia. Akapita juu ya sakafu ya saruji, nikasikia: kwaruu, kwaruu. Kucha za mguu wa nyuma zinakwaruza chini, kama mtu anaburuta msumari. Kikombe kikanitoka mkononi, kikapasuka.

Mke wangu akatoka jikoni mbio. "Baba Oska, vipi? Presha?"

Nilikuwa nimejishika kifundo cha mkono wa kushoto, hapa kwenye saa. Watu wanaona navaa saa pana ya rangi ya dhahabu wanasema ni majivuno. Sawa, majivuno yamo. Lakini chini ya hiyo saa kuna makovu manne madogo, na habari yake asubuhi ile nilikuwa sijapata kumsimulia mtu yeyote mpaka mwisho, hata huyo mama niliyezaa naye watoto sita.

Wa rika langu mtakumbuka nyakati zile za vijiji vya ujamaa. Sisi tulihamishwa kutoka mji wetu wa zamani kule bondeni, tukapangwa juu ya uwanda kwa mistari, nyumba kwa nyumba, kama mtu anavyopanda maharage. Upepo wa Ufipa mnaujua. Kule bondeni ulikuwa unatupita juu, hapa ukawa unaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma bila hodi. Katikati ya kijiji tukajenga ghala, jengo pekee lenye bati na sakafu ya saruji. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kuvua kandambili, aliyekuwa nazo, tukanyage ile saruji tuone inavyokuwa baridi. Mle ndani kulinukia mahindi makavu na dawa ya kuua wadudu, na mpaka leo nikifungua gunia lenye harufu ile najiona nina miaka tisa.

Mlinzi wa ghala alikuwa baba yangu. Msiuchukulie ule ulinzi kirahisi. Baba alipewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na alikuwa anaweka ufunguo shingoni kama rozari. Na alipewa mbwa.

Mbwa alitoka kwa Bruda mmoja wa misheni, Mzungu, aliyekuwa anarudi kwao. Alikiachia kijiji mbwa wake kwa ajili ya ghala, akalia machozi mbele za watu, jambo ambalo wazee walilizungumza mwaka mzima. Mbwa aliitwa Bruno. Matata ni kwamba mwenyekiti wetu wa kijiji naye alibatizwa Bruno. Kwenye mkutano wa kwanza baba alisema kwa sauti, "Bruno, kaa chini, unasumbua watu!" na mwenyekiti akakaa. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mwenyekiti alipopata pumzi akasema, "Ndugu wananchi, mbwa huyu apewe jina lingine leo hii, na lisiwe la mbinguni." Ndipo akaitwa Mjerumani.

Mbwa wa kwetu mnawajua: wepesi, mbavu nje, mkia umejikunja, anakimbiza panya leo na kesho amepotea. Mjerumani alikuwa kitu kingine. Akisimama, kichwa chake kilifika kifuani kwangu. Akibweka, bati la ghala lilikuwa linaitikia. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea ugali wa ulezi, na nakwambia katika kijiji kile chote, ambako kila kitu kilikuwa cha wote, yule mbwa peke yake nilimhesabu kuwa wangu.

Mwaka ule, baridi ilipoanza kuuma, nikamwona anaamka vibaya. Mbele kunainuka, nyuma kunachelewa, kama mzee anayetoka kwenye kigoda. Zamani alikuwa anaruka juu ya magunia kwa mruko mmoja, sasa anayatazama tu kisha analala chini yake. Halafu ikaja ile sauti kwenye saruji: kwaruu, kwaruu. Kucha za miguu ya nyuma zikawa zimelika mpaka zikatoa damu. Nilikuwa namfuta kwa jani kabla baba hajaona. Kwa nini nilificha? Kwa sababu ya bwana mmoja wa kijiji cha jirani.

Yule bwana aliumwa na mbwa akapuuza. Baadaye, ndivyo tulivyosimuliwa, alifungwa kamba kitandani, na akionyeshwa bakuli la maji alikuwa anapiga makelele kana kwamba anaonyeshwa moto. Akafa hivyohivyo, ana kiu. Na wote waliomwona yule mbwa aliyemuuma walisema jambo moja: alikuwa anakuja miguu ya nyuma inaburuzika. Kwetu sisi hapakuwa na mtu aliyepata kuona mbwa amekufa miguu ya nyuma kwa sababu nyingine. Mbwa wetu hawakuwa wazito kiasi hicho, wala hawakuishi kiasi hicho. Kwa hiyo mbwa anayeburuta miguu alikuwa ni kitu kimoja tu, kichaa, na dawa yake ilikuwa moja tu, bunduki.

Nikakaa na siri yangu kama wiki. Siku moja ya upepo baba alikwenda kwa mwenyekiti, nikabaki na Mjerumani mlangoni mwa ghala. Watoto wote tulikuwa tumewahi kumpanda mgongoni, hatua mbili tatu, ingawa baba alikataza kwa fimbo. Akili ya mtoto ikaniambia: mpande, akikubali basi ni mzima. Nikampanda. Nikakaa kule nyuma, juu ya kiuno, karibu na mkia.

Sijapata kusikia mnyama akilia vile. Alilia kama mtu. Akageuka, meno yakaingia kwenye kifundo cha mkono, akaachia hapohapo. Halafu akaanza kunilamba palepale aliponiuma, taratibu, masikio yamelala, kama anayeomba radhi. Mimi nilichokiona ni kimoja: anajaribu kusimama na nyuma hakuinuki. Nikajua nimemvunja mgongo.

Alipoinuka aliyumba kama mlevi, akapita uwanjani akaanguka mbele ya akina mama waliokuwa wanatoka shamba la kijiji. Mmoja akatupa jembe. "Kichaa! Jamani, Mjerumani ana kichaa!"

Nilikuwa na sweta ya bluu ya kugawiwa na misheni, ya mtu mzima, mikono yake inafika kwenye kucha. Nikavuta mkono wa sweta chini. Sikuupandisha tena mpaka siku nitakayowaambia.

Kesho yake akaja bwana mifugo, Bwana Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwembamba, na pikipiki iliyokuwa inaishi kwa kusukumwa. Kijiji kizima kilisimama mbele ya ghala. Mjerumani alifungwa mnyororo ndani ya kibanda cha majembe, anachungulia.

"Ndugu zangu, mbwa huyu ameuma mtu?"

Nikakunja ncha ya mkono wa sweta kiganjani.

"Ng'ombe? Mbuzi? Kuku?"

"Kuku tunawauma wenyewe," sauti ikasema nyuma, watu wakacheka.

Bwana Ambakisye hakucheka. "Nauliza mara ya mwisho. Aliyeumwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, aseme sasa hivi. Akisema sasa kuna sindano. Akisubiri mpaka aanze kuogopa maji, mimi nitakuja kwenye matanga tu."

"Sindano ngapi hizo?" mama mmoja akauliza.

"Kumi na nne. Za tumboni, zinazunguka kitovu."

Nikashika kitovu changu kupitia sweta. Kuumwa nimeumwa, kulambwa nimelambwa. Baba akauliza, "Na mbwa mwenyewe, je?"

"Kama ameuma mtu simsubiri, nampiga leo, kichwa kinakwenda kupimwa. Kama hajauma, afungwe siku kumi. Mbwa mwenye kichaa akishafika hatua hii ya kuyumba, siku kumi hazimalizi, anakufa. Akizimaliza anakula na kunywa, basi hana."

Mwenyekiti akasema, "Siku kumi za nini? Ndugu Vitalis ana gobori, tumalize."

Vitalis alikuwa mkuu wa mgambo wetu, kijana mwenye kifua, na alikuwa na hamu ya kulilipua lile gobori tangu alipokabidhiwa. Baba akatoka mbele, akavua koti la kaki, akalishika mkononi. "Ndugu Mwenyekiti, mbwa nilikabidhiwa mimi. Akikata mnyororo akagusa hata kifaranga, ulinzi mchukue na koti hili mchukue." Mwenyekiti akatazama watu, akaona ni maneno mazuri, akakubali.

Na mimi nimesimama pale, nimefumba mdomo. Nikisema, Mjerumani anakufa leo. Nisiposema, na kama kweli ana kichaa, nakufa mimi. Ama mimi nimemvunja yeye, ama yeye ameniua mimi, na katika mambo hayo mawili sikujua niombe lipi. Nikiwa kanisani nilikuwa naanza kuomba nafika katikati naacha.

Nikaokota punje kumi za mahindi kwenye sakafu ya ghala, mali ya kijiji, wizi mtupu, nikaziweka kwenye mfuko wa kulia wa kaptula. Kila jioni baada ya kumpelekea Mjerumani chakula na kumwona amekula, nahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Na kila asubuhi kabla watu hawajafika chemchemi, mimi nilikuwa wa kwanza. Mama akasema, "Huyu mtoto siku hizi ana bidii ya maji, sijui kapatwa na nini." Bidii gani! Nilikuwa nakwenda kujipima. Nainama, nayatazama maji, nangoja yanitishe. Yasiponitisha nakunywa kata moja, nashukuru, narudi.

Asubuhi ya punje ya nne palikuwa na barafu nyembamba kwenye majani. Nikateka, nikanywa haraka, na koo likakaza. Likafunga kabisa, maji yakarudi kwa puani. Wenye akili mnajua sasa hivi kwamba ni baridi, maji ya Ufipa mwezi ule yanaweza kumkaba hata ng'ombe. Mimi nilijua limeanza. Nilikaa chini kwenye umande nikajisikiliza kama nitabweka. Nilibana meno nisibweke. Siku ile nilikwepa kula karibu na mdogo wangu, na nililala nimempa mgongo, mkono nimeuweka chini ya tumbo ili usimguse. Kidonda kilikuwa kimevimba, nilikipaka majivu. Mama akaniuliza kwa nini sivui sweta, nikamwambia nasikia baridi, na sikudanganya.

Mjerumani alikuwa anakula, anakunywa, lakini miguu inazidi. Siku ya sita akawa anajivuta kwa mikono ya mbele. Siku ya saba asubuhi nilipomfikia na bakuli hakuinua kichwa. Alikuwa amejikojolea, manyoya yameloa, nusu ya chakula cha jana ipo, inzi juu. Nikamwita, akageuza jicho tu. Punje ya saba nikaishika mkononi, nikajua jioni sitaihamisha.

Mambo mabaya yana miguu. Adhuhuri ile mwenyekiti akafika na Vitalis na watu kama ishirini, gobori limeshashindiliwa. Baba alikuwa amechoka. Nilimwona mabega yake, nikajua leo hatabisha. "Sawa," alisema, "mwisho umefika. Mtoeni nje, msichafue majembe."

Vitalis akapiga goti, gobori kalielekeza mlangoni, anangoja atolewe.

Sikumbuki nilivyopita kati ya miguu ya watu. Nakumbuka nimesimama mlangoni mwa kibanda, mkono mmoja juu, sweta nimeivuta mpaka kwenye kiwiko, napiga kelele, "Msimpige! Siku bado! Aliniuma mimi! Akifa leo na mimi nakufa!"

Kilichofuata ndicho ninachokiona mpaka kesho. Watu walirudi nyuma, mbali na mbwa, mbali na mimi. Watu walionibeba mabegani, mama yangu wa ubatizo akiwemo, wote hatua moja nyuma kwa pamoja, kama wameamrishwa. Vitalis aliinuka na lile gobori, na kwa kitambo kidogo mtutu wake haukujua uelekee wapi.

Mama ndiye aliyekuja. Alinishika mkono palepale kwenye kidonda, akakitazama, akakifunga kwa ncha ya kanga. "Lini?"

"Siku ile."

"Siku zote hizi?"

Baba alinikaribia. Nilisubiri kofi. Kofi halikuja, na hilo liliniogopesha kuliko gobori, kwa maana baba yangu hakuwa mtu wa kumwachia mtoto kofi lake bila sababu. Alipita, akaingia ndani ya kibanda, akatoka na panga, akasimama kwenye mlango. Dakika tano kabla alikuwa amemtoa yule mbwa auawe.

"Mbwa huyu hafi," akasema.

"Ndugu," mwenyekiti akaanza kwa upole, "sasa ndiyo zaidi. Ameuma mtu. Sheria tumeambiwa, kichwa kikapimwe."

"Majibu yanarudi lini?"

"Hayo ni ya serikali."

"Barua yetu ya mbolea ilirudi baada ya miezi mitatu, na ilisema tuandike nyingine. Mwanangu hana miezi mitatu. Huyu mbwa akiwa hai siku ya kumi, mwanangu ni mzima. Mkimuua leo mmenipa mtoto nisiyejua kama ni mzima au maiti. Atakayemgusa mbwa wangu, aanze na mimi."

"Mbwa wa kijiji," mtu akasahihisha.

"Mpaka siku ya kumi ni wangu."

Waliondoka. Mpanda baiskeli mmoja akatumwa kumfuata Bwana Ambakisye na kuulizia sindano. Jibu likaja kesho yake: sindano zimekwisha, zinasubiriwa kutoka Mbeya, na bwana mifugo mwenyewe atafika siku ya kumi, mbwa asiuawe maana siku zimebaki chache, mtoto anywe maji mengi. Mtoto anywe maji! Nilikunywa mpaka tumbo likawa linalialia.

Siku tatu zile baba hakulinda ghala. Alilinda pumzi ya mbwa. Alikuwa anachemsha maji, analowesha kitambaa, anamkanda kiunoni bila kukandamiza, anamgeuza kila baada ya muda asioze upande mmoja. Mama alikuwa anapika uji mwepesi wa ulezi, na yai ambalo hata sisi hatukuwa tunalipata alilivunja ndani. Baba anamnywesha kwa kijiko, pembeni mwa mdomo, huku anamsemesha Kifipa. Bruda alimzoesha mbwa yule Kijerumani, na baba Kijerumani alijua neno moja tu la kumwambia akae. Akawa anambembeleza kwa lugha yetu. Nilisikia sauti ambayo baba hakuwahi kuitumia kwa mtu, si kwa mama, si kwangu. "Kunywa, mwenzangu. Leo tu. Halafu na kesho tu."

Jioni ya siku ya nane alilamba kijiko mwenyewe. Siku ya tisa alibweka mara moja, sijui kwa nani, watu wakatoka majumbani.

Siku ya kumi pikipiki ilisikika tangu mbali. Bwana Ambakisye hakumsalimia mtu. Aliweka sufuria ya maji mbele ya Mjerumani, akachuchumaa. Mjerumani alitazama maji, akatutazama sisi, akainamisha kichwa, akanywa nusu ya sufuria. Mama akaketi chini palepale alipokuwa amesimama.

Halafu bwana mifugo akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alichukua mguu wa nyuma, akakunja vidole, akauweka chini kwa mgongo wa mguu. Mjerumani hakuurudisha, akauacha vilevile umepinduka. "Mnaona? Hajui mguu wake uko wapi." Akapitisha mkono juu ya uti wa mgongo taratibu kutoka shingoni. Alipofika kiunoni akabonyeza kidogo, Mjerumani akalia kile kilio na kugeuka na meno, lakini bwana mifugo alikuwa ameshaondoa mkono. Akanigeukia.

"Siku ile ulimgusa hapa?"

"Nilimpanda."

Akacheka, mara ya kwanza. "Huyu hana kichaa. Ugonjwa wake hauko kichwani, uko kiunoni. Mbwa wakubwa wa jamii hii wanazaliwa na urithi huo. Wakishaanza kuzeeka, mifupa ya hapa inaubana mshipa wa fahamu, nyuma kunakufa kidogokidogo. Mbwa wenu hawana uzito wala umri wa kufika huko, ndiyo maana hamjauona."

"Kwa hiyo sikumvunja mimi?"

"Wewe? Na kilo zako hizo za mbuzi mwenye minyoo?"

Watu waliangua kicheko, wakaanza kunisogelea, wakanishika kichwa, wakaninyanyua. Niliacha waninyanyue. Lakini nilishahesabu wale waliorudi nyuma, na nadhani biashara yangu yote nimeifanya kwa hesabu ile. Mtu akinikopesha tabasamu huwa namwangalia miguu.

"Atapona?" baba akauliza.

"Haponi, mzee wangu."

"Sasa mbwa asiyetembea analinda nini?" mwenyekiti akauliza. Si mtu mbaya, alikuwa na kijiji cha kuendesha.

"Halindi kitu," baba akasema. "Ameshalinda."

Alichana gunia la katani, akatengeneza mkanda mpana, akaupitisha chini ya tumbo la Mjerumani mbele ya miguu ya nyuma. Akawa anashika ncha mbili kwa juu na kumwinua nyuma, mbwa anatembea kwa mbele, yeye anamfuata ameinama. Asubuhi na jioni, kuzunguka ghala. Mimi nikawa nampokea kona ya pili. Watoto walikuwa wanatukimbilia: "Mlinzi anatembeza gunia lenye masikio!" Baba anawajibu, "Na lenye meno pia, sogeeni." Mbwa alikuwa anafurahi, nakwambia. Alikuwa anabweka kila pembe ya ghala kama anayekagua gwaride. Kabla ya mavuno ulinzi akapewa kijana mwingine, na koti likaenda. Baba alikabidhi ufunguo na koti, mbwa akabaki naye, hakuna aliyemdai.

Mvua za mwanzo zilipoanza, vidonda vya mapaja, vya kulala sana, vikawa havifungi, na mbele nako kukachoka. Baba mwenyewe ndiye aliyemwita Bwana Ambakisye aje na sindano yake. Nilishika kichwa. Alinilamba makovu.

Sasa rudi uani kwangu, kikombe kimepasuka. Wanangu waliitana. Mkubwa akasema, "Mzee, kwani tabu ya nini, piga risasi, tununue mwingine." Dereva wangu akasema, "Bosi, huyo karogwa na watu, hii Sumbawanga." Mimi ninayewafokea wote hao kwa dumu moja la dizeli, nilimbeba mbwa wa kilo arobaini mikononi, nikampakia kwenye kiti cha mbele, nikaenda naye Mbeya. Daktari kijana akapiga picha ya mgongo, akaiweka kwenye mwanga, akaanza kunieleza kwa maneno makubwa. Nikamwambia, "Kiuno. Mifupa inabana mshipa. Haponi. Nipe dawa ya maumivu na uniambie namna ya kumkanda." Akanikodolea macho, akauliza nimesomea wapi.

Sasa anatembea. Dawa asubuhi na jioni, na nyuma amefungwa kigari cha magurudumu mawili alichochomelea fundi wa Majengo kwa baiskeli ya mtoto. Kwenye ngazi kigari hakipandi, hapo napitisha gunia chini ya tumbo na kuinama. Majirani wanacheka, nami nawajibu alivyowajibu baba. Mke wangu juzi alinivua saa mwenyewe, akatazama, akaniambia, "Hebu simulia." Nikamsimulia mpaka mwisho.

Gunia nilikuwa nalo, hilo silihesabu. Mafuta ya kwenda Mbeya na kurudi mara mbili, picha, dawa za miezi minne, fundi na magurudumu yake, pamoja na kikombe: shilingi milioni moja, laki sita, elfu arobaini na tatu na mia tano.